Leza ya kuvua miwani: vipimo, hesabu na matunzo kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mtu akisema "nimepigwa leza ya macho" anaweza kuwa anazungumzia jambo lolote kati ya manne. Ipo leza ya wenye kisukari, inayopigwa kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kuzuia mishipa mibovu isivuje damu. Ipo ya presha ya macho. Ipo ile ya dakika chache inayotoboa utando uliojijenga nyuma ya lenzi bandia baada ya operesheni ya mtoto wa jicho. Na ipo hii yetu, inayochonga konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, ili mtu aone bila miwani. Ukipiga simu hospitali kuulizia, taja wazi kwamba unataka leza ya kurekebisha namba ya miwani. Usipofanya hivyo utapewa miadi ya kliniki nyingine kabisa.

Zile tatu za kwanza hutibu ugonjwa. Hii ya nne hufanyiwa jicho lisilo na ugonjwa ambalo miwani ilikuwa inalitosha, kwa hiyo kipimo cha usalama wake ni kikali zaidi. Leza yenyewe huchonga kwa sekunde chache tu, mara nyingi chini ya dakika moja kwa jicho. Madhara mabaya zaidi hutokea pale jicho lisilofaa kuguswa linapopitishwa kwa vipimo vya juujuu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu chumba cha vipimo.

Unachopata na usichopata

Kwa makadirio ya kawaida, leza hurekebisha kutoona vya mbali hadi kama -8, kutoona vya karibu hadi kama +4, na astigmatizimu, yaani mpinde wa jicho usiolingana pande zote, hadi kama 5. Ukiukaribia ukingo wa namba hizo, uhakika wa matokeo unapungua. Aliye na -3 na konea nene ana nafasi nzuri sana ya kusoma mstari wa 6/6 (uoni wa kawaida kwenye chati) au ulio jirani nao. Mapitio ya tafiti nyingi za LASIK, aina ya leza hii inayokata kwanza kifuniko kwenye konea, yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta takribani watu 95 kati ya 100 wameridhika.

Anayevaa kontakti lenzi ana faida ya ziada. Kuosha lenzi au kisanduku chake kwa maji ya bomba au ya kisima huingiza jichoni vijidudu vinavyoweza kutafuna konea, na kuna watu Dar wanaofanya hivyo maji ya lenzi yanapowaishia. Akiachana na lenzi, ameondokana na hatari hiyo.

Wengi hushtuka kwenye suala la umri. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, na kusoma kwa karibu kunakuwa kazi. Leza ya konea haizuii hilo. Tena mwenye -2 aliyefika miaka 45 ana bahati asiyoijua: akivua miwani anasoma meseji kwenye simu bila shida. Akichongwa hadi sifuri ataona bango la ng'ambo ya barabara, lakini simu itamshinda mpaka anunue miwani ya kusomea. Wapo wanaoachiwa jicho moja na kama -1.25 kwa ajili ya kusomea. Usikubali mpango huo kabla hujaujaribu kwa kontakti lenzi kwa siku kadhaa, ukitembea nayo na kufanya kazi nayo, maana si kila ubongo unaukubali.

Jicho la -7 nalo hubaki refu kwa ndani hata baada ya leza. Hatari ya retina kubanduka inabaki pale pale ilipokuwa.

Wanaotakiwa kusubiri au kuacha

Umri uwe angalau miaka 18, ingawa 21 ni afadhali, na namba ya miwani iwe haijabadilika kwa zaidi ya 0.50 ndani ya miezi 12. Beba karatasi za miwani za zamani. Kama umezipoteza, duka la miwani linaweza kusoma namba kwenye lenzi ya miwani yako ya zamani kwa mashine ndogo.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwa kuwa homoni huyumbisha namba na ukavu wa jicho; madaktari wengi hutaka miezi kama mitatu ipite baada ya kuacha kunyonyesha. Kisukari kisichodhibitiwa, baridi yabisi na lupasi (magonjwa ya kinga ya mwili), malengelenge yaliyowahi kushika jicho, na vidonge vya chunusi vya isotretinoini vyote vitajwe kwa daktari bila kuulizwa. Kwa wenye presha ya macho jibu mara nyingi ni hapana, na familia ikiwa na historia hiyo uchunguzi uwe wa kina.

Kuna kundi moja ambalo hapa kwetu linahitaji jicho la pekee: waliokulia na mzio wa macho, wale watoto wa macho mekundu yanayowasha mwaka hadi mwaka, wanaoyafikicha kwa vifundo vya vidole mpaka ngozi ya kope inakuwa nyeusi. Kufikicha kwa miaka kunahusishwa na konea kulegea na kuchongoka mbele, ugonjwa uitwao keratokonasi. Mgonjwa hajui anao. Anachojua ni kwamba miwani inabadilishwa kila baada ya miezi kadhaa na astigmatizimu inapanda. Leza ikipunguza unene wa konea ya namna hiyo, inaharakisha kuharibika kwake. Kwa hiyo mwambie daktari ukweli kuhusu kufikicha, hata kama uliacha ukiwa sekondari. Anayegundulika na keratokonasi inayoendelea ana tiba nyingine: matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno kuikaza konea.

Siku ya vipimo

Kontakti lenzi hubonyeza konea na kuibadilisha umbo. Zile laini ziache wiki moja hadi mbili kabla ya kupimwa, na za astigmatizimu wiki mbili. Ngumu zinataka wiki tatu hadi nne au zaidi. Ukificha kwamba uliivaa jana, mashine itapima umbo la muda, na leza itachonga kwa kufuata umbo hilo.

Tenga nusu siku, na njoo na mtu. Utawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa mwanga wa jua utakuumiza na maandishi ya karibu yatakuwa ukungu. Usiendeshe gari wala usipande bodaboda peke yako. Matone hayo yana kazi mbili. Yanamwezesha daktari kuona retina mpaka pembeni, na yanalegeza msuli wa jicho ili namba halisi ijulikane. Kijana wa miaka 23 anayekodolea simu usiku kucha anaweza kupimwa -4 wakati namba yake ni -3.25. Akichongwa -4 atabaki na jicho linalohangaika kuona karibu.

Vipimo visivyoruka ni hivi:

– ramani ya konea mbele na nyuma, kwa mashine kama Pentacam. Mashine inayosoma uso wa mbele peke yake haitoshi, kwa kuwa keratokonasi changa mara nyingi huanza kuonekana nyuma
– unene wa konea pale ilipo nyembamba kuliko kote
– kipimo cha machozi: karatasi ndogo kwenye kope la chini na muda ambao utando wa machozi hukatika
– presha ya jicho
– upana wa mboni gizani
– retina, mboni ikiwa imepanuliwa

Omba nakala ya ramani na utafute namba mbili. Ya kwanza ni unene wa chini kabisa. Konea nyingi huwa na maikroni 500 hadi 570 (maikroni elfu moja ni milimita moja), na madaktari wengi huanza kusita zikishuka chini ya 480. Ya pili ni ukali wa mpinde, unaoandikwa Kmax. Ukipita 47 au 48 unastahili maelezo. Angalia pia kama jicho la kulia na la kushoto vinafanana kama picha na kioo chake. Ramani yenye rangi nyekundu iliyojikusanya upande wa chini wa jicho moja tu ni sababu ya kutokulipa chochote siku hiyo.

Hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Kina cha kuchonga hukadiriwa hivi: chukua kipenyo cha eneo litakalochongwa kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa namba ya miwani na ugawe kwa 3. Kwa kipenyo cha milimita 6.5, kila dayopta moja, yaani 1 kwenye namba ya miwani, inakula maikroni 14 hivi. Kwenye LASIK ongeza kifuniko kinachokatwa kwanza, maikroni 100 hadi 120.

Chukua konea ya 520 na namba -5. Kifuniko 110, kuchonga 70, zinabaki 340 chini ya kifuniko. Jumla iliyoguswa ni 180, yaani karibu asilimia 35 ya unene. Hapo hakuna ugomvi.

Sasa chukua konea ya 490 na namba -8. Kifuniko 110, kuchonga kama 113, zinabaki 267. Ukomo wa zamani ni 250, kwa hiyo mtu anaweza kukuambia umefaulu. Lakini sehemu iliyoguswa imefika asilimia 45, na ikivuka 40 hatari ya konea kulegea miaka ya baadaye inapanda. Wapasuaji makini siku hizi hutaka zibaki 280 hadi 300. Jicho kama hilo lisiingizwe kwenye LASIK. Mjadala uhamie kwenye lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho bila kutoa ile ya asili, au ubaki kwenye miwani. Daktari anayekukatalia baada ya hesabu hii amekutendea haki, na ada ya vipimo uliyomlipa haikupotea.

Njia tatu

PRK ndiyo ya zamani zaidi. Marekani iliidhinisha leza yake mwaka 1995. Ngozi laini ya juu ya konea hulegezwa, mara nyingi kwa alkoholi, ikafutwa, kisha leza ikachonga, halafu kontakti lenzi ya kukinga ikavikwa kwa siku nne au tano mpaka ngozi iote tena. Siku mbili au tatu za mwanzo zinauma kweli, na uoni hutulia kwa wiki, wakati mwingine miezi. Haina kifuniko, kwa hiyo inawafaa wenye konea nyembamba kiasi, na mabondia, askari na wachezaji wanaopigwa usoni. Udhaifu wake ni ukungu kwenye konea, hasa kwa namba kubwa. Ndiyo sababu hupakwa dawa ya mitomaisini kwa sekunde chache, na ndiyo sababu miwani ya jua si pambo kwenye jua la Dar miezi ya mwanzo.

LASIK hukata kifuniko, hukifunua, huchonga chini yake, hukirudisha. Maumivu ni ya saa chache na kesho yake watu wengi wanaona vizuri. Gharama yake ya kimwili ni mishipa ya fahamu inayokatwa, hivyo jicho hukauka zaidi, na kifuniko hakirudishi nguvu ya mwanzo ya konea.

SMILE hutumia leza moja kuchora kipande chembamba ndani ya konea, kisha daktari hukivuta nje kupitia mkato wa milimita 2 hadi 4. Ukavu ni mdogo kuliko wa LASIK. Kwa kawaida hutumika kwa kutoona mbali na astigmatizimu, na ikihitajika marekebisho ya baadaye si rahisi kama ya LASIK.

Kituo na mashine

Daktari awe bingwa wa macho aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika mwenye leseni hai. Uliza atakayekufanyia ni nani kwa jina, na je, ndiye atakayekuona mwezi ujao? Mpasuaji anayekuja kwa ndege siku mbili na kuondoka si tatizo kwa lenyewe. Tatizo ni usiku wa tatu jicho likiwaka moto na hakuna anayejua ulifanyiwa nini.

Halafu uliza jambo ambalo wateja wachache hulifikiria: unyevunyevu. Leza ya eksima, ile inayochonga konea kwenye PRK na LASIK, huchonga kwa urefu wa wimbi wa nanomita 193, na hewa yenye maji mengi, au konea iliyolowa, hubadilisha kiasi kinachochongwa. Dar ni mji wa bahari. Unyevu wa nje hupita asilimia 70 mara kwa mara. Chumba cha leza kinatakiwa kuwa na kiyoyozi cha kudumu, kipimo cha unyevu ukutani, na mashine kujaribiwa kwenye kibao maalumu kabla ya wagonjwa wa siku hiyo. Umeme nao: pawepo betri za akiba zinazoshika papo hapo, maana jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka na sekunde hizo ndizo zinazohesabika.

Kwenye bei, pata maandishi yanayosema kama ni ya jicho moja au mawili, kama vipimo, dawa na miadi ya mwaka mzima vimo, na nani analipa ikihitajika kurudiwa. Bima yako iulizwe kwa barua, kwa sababu mara nyingi huduma hii huhesabiwa ya hiari. Anayekwenda Nairobi au India apange kukaa wiki moja kwa LASIK, na kwa PRK asipande ndege ya kurudi kabla lenzi ya kukinga haijatolewa na jicho kukaguliwa.

Siku yenyewe

Usipake wanja wala vipodozi kwa siku mbili tatu kabla. Chembe za wanja hukaa kwenye mizizi ya kope na kuingia chini ya kifuniko. Asubuhi hiyo usijipulize manukato wala usijifukize udi. Mvuke wake huingilia leza. Kula kama kawaida.

Kabla ya kulala mezani, taja mwenyewe kwa sauti jina lako, tarehe ya kuzaliwa, jicho na namba, nao wasome kwenye skrini ya mashine. Kama una astigmatizimu, sikiliza nyuzi za mwelekeo wake pia: 180 haiwezi kuwa 90. Makosa ya kuingiza tarakimu hutokea hata kwenye vituo vyenye mashine mpya. Mwenye astigmatizimu kubwa huwekewa alama jichoni akiwa ameketi, kwa kuwa jicho hujizungusha kidogo mtu anapolala.

Matone ya ganzi yatawekwa, kisha kibanio cha kope. Kwenye LASIK na SMILE pete ya kufyonza hushika jicho. Utahisi mgandamizo na picha inaweza kuwa giza kwa sekunde kama 20 au 30. Usitikisike. Utaambiwa, "Angalia taa ya kijani, usifuate mkono wangu." Mashine hufuatilia jicho na hujizima likihama mno, kwa hiyo kupepesa au kupiga chafya hakukupofui. Harufu kama ya nywele zilizoungua ni ya kawaida. Kwa macho yote mawili utakuwa umetoka ndani ya nusu saa.

Nyumbani

Siku ya LASIK lala saa kadhaa, na vaa ngao za plastiki usiku kwa wiki moja. Kufikicha ni marufuku. Kifuniko huhama kirahisi zaidi ndani ya saa 24 za kwanza.

Kwa kawaida utapewa antibiotiki mara nne kwa siku kwa wiki, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) mara nne kwa siku kwa wiki, na machozi bandia yasiyo na vihifadhi kila saa au mbili mwanzoni, kisha mara kadhaa kwa siku kwa miezi mitatu au zaidi. Acha dakika tano kati ya dawa na dawa. Ukidondosha mbili mfululizo, ya pili inaisomba ya kwanza. Chupa ya prednisoloni, ambayo ni steroidi, itikiswe, dawa hukaa chini. Usiache chupa kwenye gari wala kwenye mkoba ulio juani: nyingi zinatakiwa chini ya nyuzi 25, na joto la hapa hulivuka hilo kivulini. Iliyofunguliwa itupwe baada ya wiki nne.

Steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu bila maumivu yoyote. Kwa PRK hutumika muda mrefu zaidi ikipunguzwa polepole, kwa hiyo presha ipimwe kila miadi. Chupa ikiisha usinunue nyingine duka la dawa kwa kuwa tu jicho limekuwa jekundu.

Maji yasiingie jichoni wiki ya kwanza. Kichwa kioshwe kwa kukilaza nyuma. Anayeswali amuulize daktari na shekhe wake mapema namna ya kutawadha uso, na anayeona matone yatamtia wasiwasi akiwa amefunga apange miadi nje ya Ramadhani. Bahari na bwawa visubiri wiki mbili hadi nne. Bodaboda bila kioo cha helmeti ni upepo na mchanga moja kwa moja kwenye konea. Ofisini, geuza kiyoyozi kisikupulize usoni.

Yanayoharibika

Ukavu na mwanga unaotawanyika usiku ndiyo malalamiko makuu. Utafiti wa PROWL wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba kati ya watu ambao kabla ya LASIK hawakuwa na dalili za kuona kama miduara kuzunguka taa, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau moja miezi mitatu baadaye. Ukavu mpya ulifika asilimia 30. Waliosumbuliwa sana katika shughuli zao walikuwa chini ya mmoja kwa mia. Dereva wa usiku asome takwimu hizo kwa makini kuliko karani.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili, ukiona maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya kwanza, usaha, uoni unaoshuka, au umepigwa jichoni. Uvimbe chini ya kifuniko hujitokeza ndani ya siku chache na hutibika ukiwahiwa. Konea kulegea ni nadra na huja polepole, miezi au miaka: dalili yake ni namba inayorudi pamoja na astigmatizimu isiyokuwepo.

Weka karatasi za vipimo vya kabla ya leza mahali unapoweka cheti cha kuzaliwa, na picha yake kwenye barua pepe. Konea iliyopunguzwa hufanya kipimo cha presha ya macho kisome chini ya ukweli, na presha ya macho ni ugonjwa unaowaathiri zaidi watu wenye asili ya Afrika. Nesi akikupima ukiwa na miaka 50 na kusema 14, mwambie ulifanyiwa leza na konea ilikuwa na unene gani. Vivyo hivyo, siku ya operesheni ya mtoto wa jicho, mpasuaji huhitaji mpinde wa konea wa zamani kukokotoa nguvu ya lenzi bandia. Na uliyekuwa na namba kubwa, retina ikaguliwe kila mwaka mboni ikiwa imepanuliwa. Ukiona vimulimuli, mvua ya vidoa vyeusi au pazia likishuka pembeni ya jicho, usisubiri miadi.